Kwa pikipiki hadi Alimbongo

Kwenye ramani, Barabara ya Taifa namba 2 ni mstari mnene mwekundu. Kutoka Goma inakatiza Rutshuru na tambarare ya Rwindi ndani ya Hifadhi ya Virunga, inapanda ukingo wa Kabasha hadi Kanyabayonga, kisha inaandama migongo ya milima ya Lubero mpaka Butembo na Beni. Mgeni akiitazama ramani hiyo atadhani ni lami. Sisi tuliokulia Butembo tunajua kwamba kutoka Kanyabayonga hadi kwetu ni udongo mtupu, wenye vumbi mwezi wa saba na utelezi mwezi wa kumi na moja, na kwamba lori linaweza kulala njiani siku kadhaa likisubiri jua.

Alimbongo ipo kwenye barabara hiyo, kusini mwa Lubero, katika kimo kinachozidi mita 2,000. Ni kijiji cha barabarani: nyumba za mbao na mabati pande mbili, soko, makanisa, shule, mikaratusi mirefu, na ukungu ambao mara nyingi hauondoki kabla ya saa nne asubuhi. Mashamba ya viazi, kabeji na poro yanapanda vilima hadi mahali ambapo mtu hujiuliza mkulima alisimamaje. Nataka kuiandika kama tulivyoijua kabla vita haijafika, sisi marafiki wa Butembo ambao siku za mapumziko tulikuwa tukiwasha pikipiki na kwenda kuiona nchi.

"Munaenda kufanya nini kule?" Hilo ndilo swali la kwanza katika kila kijiji. Watu wa milima hii husafiri kwa sababu: kuuza mavuno, kumfuata mgonjwa, harusi, msiba, ada ya shule. Vijana wanaochoma mafuta bila shehena walionekana ama wapelelezi ama watu wa mashirika. Tukijibu kwamba tunatembea tu, tuione nchi yetu, wengine walicheka, wengine walitushangaa, na wazee wachache walifurahi kuliko nilivyotarajia. Hao walikuwa na mengi ya kusimulia, na hakuna aliyekuwa amewauliza.

Kuna nchi ambako safari ya namna hii imezoeleka. Mexico ina mbio za Baja, zilizoanza mwaka 1967, zinazokata majangwa ya rasi ya Baja California. Na nje ya mbio hizo, waendeshaji wasioshindana na yeyote huenda makundi kwa makundi kwenye njia za vumbi za Sierra Madre, wanalala vijijini, wanarudi na matope hadi kwenye nyusi. Ted Simon wa Uingereza aliondoka kwao mwaka 1973 kuizunguka dunia kwa Triumph, akapita pia Afrika Mashariki, na kitabu alichokitoa mwaka 1979, Jupiter's Travels, kiliwatoa nyumbani vijana wengi wa Ulaya. Lakini katika nchi hizo pikipiki ya safari mara nyingi hununuliwa kwa ajili ya safari. Kwetu, Boxer inayotubeba Jumamosi ndiyo iliyobeba magunia Ijumaa, na Jumatatu itamrudisha muuguzi kazini. Tunaijua barabara kwa mgongo wa kazi kwanza. Raha inakuja baadaye, juu ya ujuzi huohuo.

Pikipiki zenyewe ni TVS, Bajaj Boxer, na za Kichina ambazo majina yake hayakai. Wafanyabiashara Wanande wa Butembo, waliojifungulia njia za biashara hadi Dubai na Guangzhou wakati serikali ya Zaire ilikuwa imelala, huziingiza kupitia Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi. Ni injini ndogo, za sentimita za ujazo 100 hadi 150. Anayezijua pikipiki kubwa za picha za utalii huweza kuzidharau. Aende na moja ya hizo kubwa kwenye tope la Lubero: ikianguka, inahitaji kijiji kizima kuiinua. Yetu huinuliwa na watu wawili, na spea yake inapatikana hata pale ambapo chumvi haipatikani.

Fundi wetu hakubali kuondoka kabla hajakaza mnyororo na kupapasa waya za breki kwa vidole. Hubeba buji ya akiba, shambeleri, viraka, pampu, koleo, na waya wa kufungia mizigo, kwa sababu waya huo umekwisha kuokoa ekzosi, mkono wa klachi na soli za viatu. Msimu wa mvua huyapandisha juu madigadi ya mbele au huyang'oa kabisa. Udongo wa milima hii hujikusanya kati ya madigadi na tairi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, na anayeendesha hujikuta anaikokota pikipiki nzima katikati ya mteremko. Tairi hupunguzwa upepo kidogo ili zishike ardhi. Kwenye mtelemko mkali ni gia ya kwanza, klachi haiguswi, injini yenyewe ndiyo inayozuia. Breki ya nyuma kwa kugusagusa, na ya mbele, penye utelezi, ni ya kusahau. Wamotari wanaobeba abiria wawili na mbuzi hufanya haya yote bila kuyafikiria. Sisi tuliyajifunza kutoka kwao, tukiwafuata nyuma, tukitazama mahali wanapopitisha gurudumu.

Kwenda kwa kundi kuna utaratibu wake. Anayetangulia ni yule anayeijua njia, hata kama pikipiki yake ndiyo mbovu. Fundi ni wa mwisho, kwa kuwa aliyeharibikiwa daima hubaki nyuma. Asiyezoea hukaa katikati. Kila mmoja anawajibika kwa taa iliyo nyuma yake: ukitazama kwenye kioo na huioni, unasimama. Aliye mbele yako naye hatakuona, atasimama, na hivyo msafara wote husimama bila simu, jambo la maana mahali ambapo mtandao hupotea nyuma ya kila kilima. Kwenye njia panda hakuna anayeendelea kabla wote hawajafika. Nimekwisha kuwaona watu waliofahamiana miaka mingi wakijuana upya kwa sababu ya utaratibu huo. Mmoja wetu, mwuza nguo asiyekuwa na subira hata dukani kwake, alikaa nyuma ya mwalimu mwoga kutoka Kitsombiro hadi Ndoluma kwa mwendo wa mtu anayetembea, mvua ikinyesha, wala hakupiga honi.

Ikweta inakatwa kati ya Butembo na Lubero. Aliyejifunza jiografia kwa vitabu vya kigeni hutarajia jua la kuchoma hapo. Sisi tumepita tukiwa na makoti na kofia za sufu chini ya helmeti. Kadiri barabara inavyopanda, hewa inapungua uzito, na injini ya kabureta hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo. Ukifika Alimbongo, pikipiki iliyokuwa shupavu kule Mombasa imekwisha kupoteza karibu sehemu moja ya tano. Unasikia sauti yake ikibadilika. Abiria hushuka, hutembea kipande cha mlima, hupanda tena. Hakuna anayeona aibu.

Mashariki ya barabara ardhi inakatika. Hili ni bega la Bonde la Ufa, na chini yake, kwenye kimo cha mita 900 na kitu, kuna Ziwa Edward. Toka hapa juu hadi majini ni zaidi ya kilomita moja ya kushuka. Siku isiyo na ukungu, toka kwenye vilima vya ukingoni, ziwa linaonekana lote jeupe, na kaskazini yake inasimama Ruwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Mwalimu wa kundi letu, anayefundisha jiografia, hupenda kusimamisha msafara kwenye mgongo wa milima na kueleza jambo ambalo halijanichosha hadi leo. Tone la mvua likiangukia ubavu wa mashariki huteremka Ziwa Edward, likaingia mto Semliki, likafika Ziwa Albert, likaungana na Nile, mwisho wake Mediterania. Likiangukia ubavu wa magharibi huingia vijito vinavyozaa mto Lindi, unaomwagikia mto Kongo karibu na Kisangani, mwisho wake Atlantiki. Siku moja watoto waliokuwa wamezizunguka pikipiki zetu walianza mara moja kumwaga maji ya kopo huku na huku wakibishana yataelekea wapi. Wamezaliwa juu ya mpaka wa mito miwili mikubwa ya Afrika, na hawakuwa wameambiwa.

Hicho ndicho ninachokitetea ninapotetea safari zisizo na shehena. Nchi hii huandikwa na watu wanaoipita kwa helikopta, au kwa gari jeupe lenye antena, na wanayoyaandika ni vita. Vijana wa Butembo na Beni nao mara nyingi huijua Kampala kuliko Kipese, na Dubai kuliko Kasugho. Hatuwezi kuidai ardhi ambayo hatujaikanyaga. Mtu aliyewahi kukwama Matembe, akakaribishwa, akala, akalala, akiisikia Matembe kwenye redio anasikia jikoni mwa mtu anayemjua.

Huko Kasugho, magharibi mwa Lubero, kuna kituo cha GRACE kinacholea gorila yatima wa tambarare za mashariki. Upande wa pili, ukingoni mwa bonde, unasimama mlima Tshiaberimu, wenyewe tunauita Kyavirimu, mita 3,100 hivi, ambako gorila wa porini walikuwa wamebaki wachache mno. Oktoba 2024 gorila wanne wa kike kutoka Kasugho walihamishiwa Tshiaberimu ili familia hiyo isife. Habari hiyo ilisomwa duniani kote. Natamani kila mwanafunzi wa Lubero aifahamu kabla ya msomaji wa London, na njia ya kuifahamu ni kufika.

Pikipiki haikuwa ya kwanza kwenye magurudumu mawili hapa. Chukudu imeitangulia: baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayochongwa kwa mti mgumu, mara nyingi mkaratusi, gurudumu limevikwa mpira wa tairi kuukuu, breki ni kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa mguu. Inabeba mamia ya kilo. Inashuka na viazi, makaa na mbao, kisha kijana huisukuma tupu kupanda, kutwa nzima. Tukikutana nayo kwenye kona tunaiachia njia, tena tunaiachia upande wa mlima, kwa sababu yenye shehena haiwezi kusimama inapotaka. Motari mmoja wa Kirumba alituambia kwamba alianza na chukudu ya baba yake, akaweka akiba hadi akanunua pikipiki, na kwamba mpaka leo anausoma mtelemko kwa macho ya chukudu: anatafuta mahali pa kugonga salama kabla hajatafuta mahali pa kupita.

Mvua ikianza, barieri ya mvua hufungwa. Ni mti uliolazwa juu ya vigogo viwili, na malori husubiri mpaka ardhi ikauke, la sivyo magurudumu yake yataichimba barabara hadi isipitike kwa wiki kadhaa. Pikipiki kwa kawaida hupenyezwa pembeni, lakini mara nyingi tulichagua kusubiri na wengine. Ndani ya vibanda vya mbao kuna moto wa kuni, viazi vya kuchemsha, maharage, na chai ya tangawizi. "Karibuni ku moto, batoto, mutakufa na baridi," mama mwenye kibanda alisema alipotuona tunatetemeka. "Wasingya, Mama," tulimshukuru kwa Kinande, tukasogezewa viti. Huko ndiko tulikopata habari zote: daraja gani la magogo limeoza, kadhafi gani, mwuza petroli wa barabarani, anachanganya petroli yake na maji, njia ipi ya kondoo inapita pikipiki.

Zipo barieri nyingine. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vya jeshi, vya serikali na vya makundi yenye silaha. Katika vijiji kadhaa vya Lubero wakazi walitakiwa kununua jetoni kila mwezi, kikaratasi cha kuthibitisha kwamba wamelipa kwa wenye bunduki, ili waende shambani kwao. Motari hulipa kwenda na hulipa kurudi, na gharama hiyo inaingia ndani ya bei ya kila kiazi kinachofika soko la Butembo. Sisi nasi tulilipa. Inauma kulipa ili utazame kilima cha kwenu, lakini inauma zaidi kumwona mama mwenye kikapu cha poro akilipa kwenye kamba ileile.

Barabara hizi zimebaki hai kwa mikono. Monsinyori Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, anakumbukwa milimani kwa kuwahimiza watu wachimbe barabara na wajenge shule zao wenyewe bila kumsubiri mtu wa Kinshasa. Ndiye pia aliyesimama nyuma ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichofunguliwa Butembo mwaka 1989. Wafanyabiashara nao wamechangishana mara nyingi kuziba mashimo. Na wapo makantonye, wanaume na wanawake wenye jembe na sepeto, kila kikundi na kipande chake, wanaozibua mifereji. Mfereji ndio barabara, alituambia mmoja wao karibu na Kitsombiro. Maji yakipata pa kupita pembeni, udongo unastahimili. Yakikosa, yanapita katikati, na baada ya misimu miwili una bonde. Tangu siku hiyo tukipita hapo tunasimama kuwasalimu, na tukiwa na mkate tunaukata.

Mwaka 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti, ukianzia Mangina. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Kanda ya afya ya Alimbongo ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Chanjo ilipaswa kutunzwa katika baridi kali, nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi, na kupelekwa vijijini ndani ya makasha maalumu, na ambapo gari halikufika, pikipiki ilifika. Mgonjwa naye, kabla hajajua anaumwa nini, alikuwa amepanda pikipiki. Wamotari walikuwa hatarini kutoka pande zote mbili, na baadhi yao ndio waliosaidia wafuatiliaji kumpata abiria wa jana na juzi, kwa kuwa motari hukumbuka alimshusha nani wapi. Muuguzi katika kundi letu alifanya kazi kipindi hicho. Njia nyingi tulizopita baadaye kwa starehe alizifahamu tangu wakati huo, na mahali pengine alizima injini, akaingia uani kwa mtu, akakaa kimya kidogo na wenyeji, sisi tukimngoja barabarani.

Kisha vita. Mwishoni mwa Juni 2024 kundi la waasi la M23 liliteka Kanyabayonga na Kirumba, na Desemba mwaka huohuo likapanda kaskazini hadi Alimbongo. Wakazi walikimbilia Lubero na Butembo, kwa miguu, kwa chukudu, na kwa pikipiki zilizobeba godoro, sufuria na watoto watatu. Goma nayo ilitekwa mwishoni mwa Januari 2025. Magharibi, upande wa Mangurejipa, kundi jingine la waasi, ADF, linaua wakulima na kuchoma nyumba. Kwa upande wa Kasindi, lami inayojengwa kwa makubaliano ya Kongo na Uganda, iliyozinduliwa na marais wa nchi mbili mwezi Juni 2021, inapangwa kuunganisha mpaka na Beni, kilomita 80, na Beni na Butembo, kilomita 54. Naifurahia lami hiyo. Lakini itatuelekeza nje zaidi kuliko ndani, na kijana wa Butembo atafika Kasese, Uganda, kwa saa chache huku Alimbongo ikiwa haifikiki kabisa.

Kundi letu limeongezeka mtu mmoja. Ni motari wa Alimbongo, aliyekimbia na mkewe na watoto, anayebeba abiria Butembo kwa pikipiki ya kukodi na kumpelekea mwenye pikipiki malipo yake kila jioni. Tulimfahamu alipotusikia kwenye gereji ya fundi tukitaja mahali pa kwao vibaya, akatusahihisha. Siku zake za mapumziko ni chache, lakini akiipata moja tunakwenda naye njia ya Kyondo, pale ambapo hali inaruhusu. Sasa yeye ndiye anayetangulia. Mara ya kwanza mwalimu alimwuliza atawezaje kuongoza njia asiyoijua, naye akamjibu, "Yaya, njia hii siijui, lakini udongo huu ni ule wa kwetu. Nifuate gurudumu, usinifuate mimi."